Kufunga msimbo si uchoyo, ila si kila sababu inasimama

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiunda programu, akauachia wazi. Leo Android imejengwa juu ya kiini cha mfumo huo, Linux, kwa hiyo simu nyingi zinazouzwa Kariakoo na River Road zinakula matunda ya burudani ile. Kisa hiki hugeuzwa fimbo kila mtu anaposema kwamba programu aliyoiandika usiku kwa raha zake hatatoa msimbo wake. Huambiwa: huiuzi, hujaajiriwa kuiandika. Sasa unamficha nani?

Lawama hiyo naiona imepotea njia. Miradi iliyopata bahati ya Linux inahesabika kwa vidole, na uwazi wa miaka ya nyuma nao haukuwa ukarimu mtupu. Hadi Januari 2019 akaunti ya bure ya GitHub, tovuti ya kuweka na kuonyesha misimbo, haikuwa na hifadhi za siri: ukitaka kufunga, ulipie. Mwanafunzi asiye na kadi ya benki aliyaanika yote kwa kukosa dola, nasi tukamhesabu miongoni mwa wanaharakati wa programu huria. (Washindani wa GitHub walitoa hifadhi za siri bure mapema zaidi, lakini nani alikuwa akitafuta kazi kwa kuonyesha ukurasa wa huko?)

Sababu inayosemwa kwa sauti ya chini ni aibu. Msimbo wa burudani una vigeu vinavyoitwa x2 na temp3, una fomula iliyonakiliwa mahali pasipokumbukwa, na una maelezo ya “nitarekebisha kesho” yenye umri wa miaka mitatu. Naielewa, ila haina uzito. Ukweli mchungu ni kwamba hifadhi nyingi zilizo wazi hazisomwi na mtu yeyote.

Usalama ni hoja yenye mwili zaidi, ingawa nayo mara nyingi hutibu ugonjwa kwa dawa isiyo yake. Tuseme kijana anaandika programu ya daftari la madeni ya duka, inayopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom. Funguo za siri za kuingilia jukwaa hilo anazibandika ndani ya faili lililo wazi. Akistuka, anafuta mstari ule na kupakia upya, akidhani mambo yamekwisha. Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, haisahau: ufunguo umebaki kwenye historia, na zipo roboti zinazochambua hifadhi za wazi zikisaka funguo za aina hiyo. Wengi wakishaungua mara moja hufunga kila kitu milele. Dawa yenyewe ni kubadilisha ufunguo uliovuja, kisha kuweka siri kwenye faili ambayo Git imeambiwa iiruke. Hifadhi ya siri ambayo rafiki watatu wana nywila yake haijalinda kitu.

Sababu inayonishawishi ni nyingine: ukishaonyesha msimbo, watu hudhani umejiajiri kwao. Mfano usiosahaulika ni XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo katika matoleo mengi ya Linux. Kwa miaka iliangaliwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsonga kwa barua pepe: mbona maboresho yanachelewa, mbona humwachii mwingine? Akajibu kwamba huo ni mradi wa burudani usiolipwa. Msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan ndiye aliyeaminiwa hatimaye, na ndiye aliyepitisha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za wengine, ndani ya programu. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kufikia kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba hadi akaufikia uozo.

Watetezi wa uwazi hukisimulia kisa hiki kuanzia kwa Freund, na wana haki yao: kama kila kitu kingekuwa kimefungwa, angeishia kunung’unika kuhusu mtandao. Mimi hukisoma kuanzia kwenye zile barua pepe. Mtu alitoa kitu bure, akadaiwa kama mwenye deni, na uchovu wake ndio uliofungua njia.

Lakini hapa wanaofunga nao wana la kujibu. Kuonyesha na kuhudumia ni mambo mawili. SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu, imewekwa katika miliki ya umma, yeyote aichukue. Wenyewe wanasema waziwazi kwamba msimbo ni huria ila michango kutoka nje haiko huria. GitHub nayo inakuruhusu kuifanya hifadhi iwe ya kusomwa tu, bila malalamiko wala maombi mapya. Anayefunga kwa sababu amechoka kusumbuliwa tu, njia hiyo anayo.

Hofu ya kuigwa nayo haitibiwi na kufunga. Februari 2014 ulitoka mchezo wa simu uitwao Threes, uliowachukua waundaji wake zaidi ya mwaka. Msimbo wake haukuwa wazi, na bado waigaji walijitokeza ndani ya wiki chache, kwa kuwa wazo lilikuwa pale pale kwenye kioo. Mwezi uliofuata kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, aliandika 2048, wa jamii hiyo hiyo, akaachia msimbo kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia. Nakala zikafurika kwenye maduka ya programu, nyingine zikiwa na matangazo ya biashara ya watu wengine. Kufunga hakukumwokoa wa kwanza. Wa pili uwazi ulimpa umaarufu, na wageni wakapewa fedha.

Tangu 2021, GitHub ilipozindua Copilot, akili bandia inayomsaidia mtu kuandika msimbo, kumeongezeka sababu ambayo zamani haikuwepo. Akili bandia hiyo ilifunzwa kwa misimbo ya hadharani, na Novemba 2022 kesi ilifunguliwa California, walalamikaji wakidai masharti ya leseni, kama kumtaja mwandishi, yamepuuzwa. Mtu aliyeweka sharti moja tu, kwamba jina lake libaki, na akaona linayeyuka, simlaumu akifunga mlango. Leseni anayo, ila nguvu ya kuidai mahakamani hana.

Deni la anayefunga liko kwa watumiaji. Yule kijana wa daftari la madeni akipata kazi Dubai na kuiacha programu, mwenye duka hana wa kumwendea, na orodha ya wadaiwa imekwama katika umbo ambalo programu nyingine haiwezi kulisoma. Kwa hilo msimbo si lazima utolewe. Iwekwe tu sehemu ya kutoa data yote kama faili la CSV, linalofunguka kwenye Excel, na iwekwe tangu toleo la kwanza, kabla mwandishi hajachoka.