Walokole wa Mukono: walifukuzwa, hawakuhama

Siku hizi mtu akirukwa kwenye uteuzi wa wazee wa kanisa, au akinyimwa mimbari, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuhama. Anakodi ukumbi, anatafuta spika, na haupiti muda ana huduma yake. Anayebaki anaonekana mnyonge asiye na pa kwenda. Nadhani tunamwonea.

Oktoba 1941, Chuo cha Bishop Tucker pale Mukono, kilichoandaa makasisi wa Kianglikana Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26. Walikuwa walokole, watu wa uamsho, na William Nagenda ndiye aliyekuwa mbele yao. Waliamka saa kumi alfajiri kusali pamoja na kuhubiri, wakakatazwa, wakaendelea.

Mkuu wa chuo alikuwa na hoja, tusimbeze. Walokole hawakuwa wapole hata kidogo: walikemea dhambi za wenzao hadharani, na walimu nao waliambiwa imani yao imepoa. Chuo ambacho amri yake inavunjwa kila kunapokucha hakiendesheki.

Lakini tazama walivyofanya baadaye. Njia ya kutoka ilikuwepo, na mwenye kuipita alijulikana: Reuben Spartas alikuwa amejitenga na Waanglikana tangu 1929, akawaongoza wafuasi wake kuelekea Uorthodoksi. Walokole walikuwa na wahubiri, nyimbo na ushirika uliovuka mipaka ya Uganda na Rwanda. Kanisa jipya lingesimama. Hawakulisimamisha. Nagenda aliendelea kuwa Mwanglikana wa kawaida, akahubiri nchi nyingi bila kola ya kasisi. Fikiria maana yake: uliingia chuo ili siku moja uongoze Meza ya Bwana, sasa unapanga foleni na waumini wengine kupokea mkate, na anayeugawa ni kasisi wa kanisa lilelile lililokufukuza.

Miaka 25 baadaye, 1966, Erica Sabiti, mlokole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 1974 akafuata Janani Luwum, mlokole pia, aliyeuawa 1977 chini ya Idi Amin. Najua kuhesabu matunda baada ya mavuno ni rahisi. Ila sioni uamsho uliojitenga 1941 ungewafikishaje watu hao kwenye kiti kile.

Wanaotetea kuondoka nao wana Maandiko. Yesu aliwaambia wanafunzi wakung'ute mavumbi ya miguu yao, na Wasamaria walipomkataa alienda zake kijiji kingine, akiwakemea Yakobo na Yohana waliotaka kushusha moto. Spartas mwenyewe hakuondoka kwa kununa tu, alikuwa akitafuta kanisa alilosadiki ni la kweli. Na anayedhulumiwa na mchungaji wake asiambiwe "vumilia, ndiyo neema." Paulo kule Filipi, baada ya kuchapwa bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akataka mahakimu waje wenyewe kumtoa. Walokole nao hawakunyamaza, waliendelea kuhubiri yaleyale yaliyowafukuzisha.

Kinachonikera katika habari hii ni upande wa waliofukuza. Nagenda alifariki 1973 bila kuwekewa mikono kuwa kasisi. Tunawahubiria sana waliokataliwa jinsi ya kupokea kukataliwa, ila sikumbuki lini nilisikia mahubiri kwa kamati iliyokataa.