Wahindi wananunua miaka ya ziada, na kipimo ni mwanzo tu

Bryan Johnson, tajiri wa Marekani anayetafuta kila njia ya kuuchelewesha uzee, alikwenda Mumbai kuhojiwa na Nikhil Kamath, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya udalali wa hisa ya Zerodha. Hakumaliza. Alikuwa amevaa barakoa ya N95, na mashine ya kusafisha hewa aliyokuja nayo ilikuwa inafanya kazi chumbani, lakini faharasa ya uchafuzi ilisoma 130 humo humo ndani. Akanyanyuka, akaondoka. Kisa hicho kilienea mapema mwaka 2025. Nakianza nacho kwa sababu kinaonyesha pande mbili za jambo linaloendelea India: wenye uwezo wananunua kwa kasi afya ya miaka ijayo, yaani vipimo, pete, vidonge na sindano, na huku baadhi ya mambo makubwa yanayowafupishia maisha hayana duka linalouza dawa yake.

Haja yenyewe ni ya kweli kabisa. Utafiti wa kitaifa wa ICMR-INDIAB uliochapishwa 2023, baada ya kupima zaidi ya watu laki moja, ulikadiria kwamba Wahindi milioni 101 wana kisukari na wengine milioni 136 sukari yao imeanza kupanda. Presha ilikutwa kwa 35.5% ya watu wazima. Utafiti mwingine, INTERHEART, ulionyesha kwamba watu wa Asia ya Kusini hupata shambulio la kwanza la moyo karibu miaka sita mapema kuliko wenzao wa kwingineko: takriban miaka 53 dhidi ya 59. Katika umri huo mtu bado analipa ada za watoto na mkopo wa nyumba, na mara nyingi familia nzima inategemea mshahara wake.

Kuna picha moja inayoeleza tatizo hili vizuri kuliko takwimu zote. Mwaka 2004 daktari C. S. Yajnik wa Pune alipiga picha na mwenzake Mwingereza, John Yudkin, wakaichapisha katika jarida la Lancet. Uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa sawasawa: 22.3. Ukiwatazama unaona wanaume wawili wembamba. Lakini mwili wa Yudkin ulikuwa na mafuta 9.1%, wa Yajnik 21.2%. Mtu mwembamba kwa macho, mnene kwa ndani. Ndiyo maana madaktari wa India wameshusha viwango: Mhindi huhesabiwa amezidi uzito kuanzia 23, na ana unene uliokithiri kuanzia 25, wakati kiwango cha kimataifa ni 25 na 30. Kioo na mizani vinaweza kumdanganya. Anahitaji damu yake ipimwe, kiuno kipimwe, presha ipimwe, tena mapema, kabla ya miaka 40.

Hapo ndipo wafanyabiashara wana hoja nzito, na sioni haki kuwapuuza. A. Velumani, mwanasayansi aliyetoka kituo cha nyuklia cha Bhabha, alianzisha Thyrocare mwaka 1996 kwa wazo rahisi: damu ikusanywe miji yote, isafirishwe usiku kwa ndege hadi maabara moja kubwa ya Navi Mumbai, bei ishuke. Vifurushi vyake vya Aarogyam viliwafanya watu wa tabaka la kati waone kupima damu ukiwa mzima kuwa jambo la kawaida. Baadaye zikaja kampuni changa. Ultrahuman ya Bengaluru ilileta kidude cha kubandika mkononi kinachosoma sukari mchana na usiku, kisha ikatoa pete inayopima usingizi na mapigo ya moyo. Mtu aliyekula wali na idli tangu utotoni, akaona kwa macho yake sukari inavyoruka baada ya sahani moja na inavyotulia akitembea dakika kumi na tano, amejifunza jambo ambalo mabango ya wizara hayakumfundisha kwa miaka mingi. Tena wazo la kutunza ujana si geni kule. Rasayana, elimu ya kuuhuisha mwili, ni mojawapo ya matawi manane ya Ayurveda, tiba ya asili ya India, na Chyawanprash, ile jemu nyeusi ya tunda la amla inayolambwa kwa kijiko, imepewa jina la mzee Chyavana ambaye kwa simulizi za kale alirudishiwa ujana wake. Soko limekuta shamba limeshalimwa.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni wingi wa vipimo vyenyewe. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliyohuishwa 2019 na kujumlisha majaribio yenye watu zaidi ya laki mbili na nusu, yalikuta kwamba kucheki mwili mzima kwa watu wasio na dalili hakupunguzi vifo, au kunapunguza kidogo mno. Wauzaji watajibu kwamba majaribio yale yalifanyika Ulaya na Marekani, si kwa Wahindi wanaougua mapema, na jibu hilo lina uzito. Lakini halihalalishi kifurushi cha vipimo themanini. Ukimpima mtu mzima mambo themanini, karibu lazima moja au mawili yatoke nje ya mstari kwa bahati tu. Yanachapwa kwa wino mwekundu. Mwenyewe anayasoma kwenye simu saa nne usiku, bila daktari, kisha anaanza safari ya skani, vipimo vya kurudia na usingizi wa mang'amung'amu. Korea Kusini ilipokazania kupima tezi ya shingo, saratani zilizogunduliwa ziliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, na vifo havikubadilika. Wengi walikatwa tezi ambayo isingewadhuru, na sasa wanameza homoni kila siku.

La pili ni virutubisho, na hapa sina upole. India imegawanya usimamizi: dawa za hospitali zina mamlaka yake, virutubisho viko chini ya FSSAI, mamlaka ya chakula, kama chakula, na dawa za asili ziko chini ya wizara ya AYUSH na leseni za majimbo. Anayetaka kuuza ahadi ya umri mrefu huchagua mlango ulio mwepesi. Mwaka 2024 watafiti walichunguza unga wa protini wa aina 36 zinazouzwa India: karibu 70% ziliandika kiasi cha protini kisicho sahihi. Wakati wa UVIKO watu walihimizwa kutumia giloy, mmea wa dawa za asili, kuongeza kinga, na madaktari wa Mumbai wakaripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia, wizara ikapinga. Mwaka huo huo wa 2024 Mahakama ya Juu iliwabana viongozi wa Patanjali, kampuni ya dawa za asili, kwa matangazo ya kupotosha mpaka wakaomba radhi magazetini, ingawa sheria ya kuzuia matangazo ya dawa za miujiza ipo tangu 1954. Nusu karne na zaidi, na bado kulihitajika kesi ya chama cha madaktari.

Nikipima pande zote mbili, swali ninalouliza kuhusu kila bidhaa ni hili: majibu yakishatoka, kesho yake kunatokea nini? Presha ikiwa juu, kuna kidonge cha bei ndogo kinachojulikana. Sukari ikianza kupanda, kuna ushahidi uliozaliwa India kwenyewe. Katika mpango wa kuzuia kisukari ulioongozwa na A. Ramachandran wa Chennai, matokeo yakachapishwa 2006, watu 531 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walifuatiliwa kwa takriban miaka miwili na nusu. Waliosaidiwa kubadili chakula na kutembea walipunguza hatari ya kuugua kwa 28.5%; waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, 26.4%. Waliofanya vyote viwili hawakuwapita. Lakini angalia kilicholeta matokeo: mtu wa kupiga simu na kukutana na mhusika miezi sita kwa sita, kumuuliza anakula nini, anatembea lini. Kazi hiyo ni ndefu, faida yake kwa muuzaji ni ndogo, wala haiingii kwenye pete. Kampuni nyingi zinauza kipimo kisha zinamwachia mteja ufuatiliaji.

Serikali nayo haijaziba pengo. Bima ya PM-JAY hulipia kulazwa, hadi rupia laki 5 kwa familia kwa mwaka, yaani mgonjwa ahudumiwe akishaanguka. Vituo vya afya vya vijijini vimepewa jukumu la kupima presha, sukari na saratani tatu kwa kila aliyefika miaka 30, na huo kwangu ndio mpango wa kinga wenye maana kuliko wote nchini humo. Wakati huo huo sheria ya kodi ya mapato inampa mlipa kodi aliyebaki kwenye utaratibu wa zamani nafuu ya hadi rupia 5,000 kwa kucheki afya. Bawabu na mjakazi, ambao mapato yao hayafiki kiwango cha kutozwa kodi, nafuu hiyo haiwagusi, ingawa hewa wanayovuta ni ile ile aliyoikimbia Johnson, tena wao wanaivuta barabarani bila mashine.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hatuko mbali na haya. Wangapi kati yetu wamempeleka mzazi Chennai au Hyderabad kwa moyo au figo, na msindikizaji naye akashawishiwa acheki mwili mzima maadamu yuko pale? Ukirudi Dar es Salaam au Mombasa na kurasa ishirini za majibu, nani anazisoma pamoja nawe?

Kitakachoonyesha soko hili linaelekea wapi ni sindano za kupunguza uzito. Mounjaro ilipoingia India Machi 2025, kichupa cha kuanzia, dozi ya wiki moja, kiliuzwa rupia 3,500. Hatimiliki ya semaglutide, dawa nyingine ya aina hiyo, nchini humo mwisho wake uliwekwa Machi 2026, na viwanda kama Dr. Reddy's na Sun Pharma vilijiandaa kutengeneza matoleo yao. Bei ikishuka, dawa yenye ushahidi mzito itamfikia karani na mwalimu, watu wale wale wembamba kwa macho ambao Yajnik aliwaeleza. Inaweza pia kuishia kwenye saluni na kliniki za urembo, ikichomwa bila mtu kuuliza historia ya kongosho wala kufuatilia misuli inayopungua pamoja na mafuta. Sindano ni moja katika hali zote mbili. Tofauti ni kama kuna daktari atakayemwona mgonjwa mwezi wa pili, na mpaka sasa huyo ndiye ambaye soko halijamwekea bei.