Kariakoo: nyumba ya vyumba sita na ghorofa lililochukua nafasi yake

Kila ghorofa jipya linapoinuka Kariakoo, Dar es Salaam, husikika kilio kile kile, kwamba mtaa wa Waswahili umeuzwa kwa wafanyabiashara. Kilio hicho kina haki yake, ila kinaianza hadithi katikati. Hata jina la mtaa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Watawala hao wakapafanya makazi ya Waafrika, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi kuwatenga na Uhindini na Uzunguni.

Kwenye viwanja vile vidogo vilivyopangwa kwa mistari, watu walijenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha, na kodi ikamlisha yeye na wanawe. Kwa hiyo nyumba hiyo, tunayoililia leo kama urithi, ilikuwa kitega uchumi tangu mwanzo. Mrithi anayempa mwekezaji kiwanja ili agawiwe sehemu ya ghorofa anaendeleza hesabu ya babu yake, na sioni kwa nini alaumiwe kwa kukataa kuishi chini ya bati bovu ili wengine wapate cha kupiga picha.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilikuwa na upande ambao ghorofa halina. Mwenye nyumba na mpangaji walitumia choo kimoja na kuteka maji uani pamoja. Aliyechelewa kodi alionana na mdai wake kila asubuhi, na aliyefiwa hakuhitaji kutuma habari. Barazani palichezwa bao na kuzungumzwa siasa, na si ajabu kwamba TANU ilizaliwa katika mitaa hii Julai 1954, wala kwamba Simba ina makao yake Msimbazi na Yanga iko jirani tu, Jangwani. Leo palipokuwa na baraza pana fremu za maduka, ambazo mpangaji mpya huweza kudaiwa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi mbali na kodi, kabla hata hajafungua mlango, na juu yake vyumba vingi vimegeuzwa stoo za mizigo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya maghorofa, kwa maoni yangu, ni ya usalama, kwa sababu kiwanja kilichopimwa kwa nyumba ya chini sasa kinabebeshwa ghorofa nyingi, ukuta umegusana na ukuta. Novemba 2024 jengo moja liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Waliofukiwa walikuwa kazini, wengine wakiuza, wengine wakinunua. Na ukaguzi wa majengo ungeweza kudaiwa kwa nguvu zaidi iwapo mtaani pangekuwa bado na wakazi wanaolala hapo, wanaosikia nyufa usiku na kujua mlango wa kugonga.