Kwani Muha hana kazi nyingine?

Hivi waongozaji wa filamu za Bongo wamelishwa nini kuhusu Kigoma, kwetu sisi Waha? Ikitajwa tu, ujue anakuja mganga: kaniki, hirizi, macho mekundu, na Kiswahili cha kuvunjika ambacho hapa Ujiji sijawahi kukisikia. Ujiji, jamani! Watu walikuwa wakipatana bei kwa Kiswahili kabla Stanley hajafika mwaka 1871. Daktari Muha, hakimu Muha, hata mpenzi tu wa kuachwa kwenye mvua, hakuna.

Kundi la ukoo la WhatsApp ndilo linanimaliza. Shangazi katangaza binamu kajifungua salama, mtoto wa kike, hata hatujamaliza hongera, shemeji wa Dar karusha kipande cha filamu ya mganga kama huyo: “Wajomba zenu hao!” Vicheko kibao.

Na ni shemeji huyu huyu, mwigizaji Mweusi Halle Bailey alipoigiza nguva Ariel mwaka 2023 wazungu wakanuna, aliyetuandikia gazeti zima kwamba kila mtoto ana haki ya kujiona kwenye filamu. Kila mtoto isipokuwa wa kwetu, nadhani. Halafu jioni ananifuata pembeni: “Shemeji, dagaa wameshuka bei huko? Nitumie na mawese.” Wa wachawi unawala, shemeji?