Birika Linataka Nywila

Maji ya moto tu. Sikuomba kingine. Leo alfajiri nimeamka mtu mzima na akili zangu, nikajaza birika la umeme, nikabonyeza. Likaanza kunikonyeza kwa taa nyekundu, kimya, halichemki. Mara simu ikalia. Ujumbe unatoka kwa birika: "Toleo jipya lipo. Tafadhali sasisha."

Kusasisha birika! Mimi mwenyewe tangu nizaliwe hakuna aliyenisasisha.

Na si kwamba birika la zamani lilikuwa jinga. Ndani yake mna kibati cha metali mbili zilizoshikanishwa, moja ikipata joto hutanuka kumshinda mwenzake. Mvuke ukikifikia, kibati kinapinda, tak, umeme umekatika. Basi. Halikuuliza jina langu. Hili la kisasa, zawadi ya mpwa wangu (nia yake ilikuwa njema, ndiyo maana siwezi kulitupa), linaomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Nipo mbele yako! Tunatazamana!

Nikampigia mpwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Birika lako limegoma."

"Umewasha Bluetooth?"

Nikamwuliza huyo Bluetooth ni nani. Akanieleza, kwa heshima zote, kwamba lilikuwa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyewaunganisha watu wake, ndiyo maana teknolojia ya kuunganisha vyombo ikapewa jina lake. Vizuri sana. Kwa hiyo ili nipate chai, kwanza aamshwe mfalme.

Tukamwamsha. Birika likataka nywila. Nikaandika "chai". Likasema ni dhaifu. Nikaongeza herufi kubwa, likasema bado ni dhaifu. Nikaweka tarakimu, alama ya mshangao na alama nyingine ambayo hata jina lake sijui. Likaridhika, kisha likaandika: "Thibitisha kwamba wewe si roboti."

Hapo nikavuta kiti nikakaa. Chombo chenye mkia wa waya kinanitaka mimi nithibitishe utu wangu.

Zikaja picha ndogo 9, niguse zenye baiskeli. Nikagusa 3. Ya 4 ina ncha ya tairi tu, imechungulia pembeni.

"Mpwa, ncha ya tairi ni baiskeli?"

"Inategemea, mjomba."

"Inategemea nini?"

"Wengine huigusa, wengine huiacha."

Nikaiacha. Nimekosea. Zikaja ngazi. Mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote nikashindwa kuzitambua ngazi! Zikaja taa za barabarani, na hapo nguzo ya taa ikazua mjadala ambao hata mahakamani usingeisha siku moja. Mwishowe nikakubaliwa kuwa binadamu. Likaniuliza nataka maji ya nyuzi ngapi, na taa yake iwe ya rangi gani. Nikasema yachemke! Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, yalikuwa yanachemka kabla huyo Harald hajazaliwa, na hayakuwa na rangi!

Mpwa akasema, "Mjomba, linakusikia? Hili si la kuongea nalo."

Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ilitoa rimoti ya televisheni yenye waya mrefu, watu wakawa wanajikwaa sebuleni. Jina lake Lazy Bones. Angalau wale walimwambia mnunuzi ukweli: wewe ni mvivu, shika. Sasa hivi uvivu unaitwa akili. Mzani wa bafuni una akili, unatuma uzito wangu kwenye simu wakati miguu yangu bado iko juu yake. Na yule anayekukuta umeshabonyeza kitufe cha lifti, kinawaka, naye anakibonyeza tena akikutazama kana kwamba chako kilikuwa cha majaribio. Huyo hata si chombo. Huyo ni mtu kabisa.

Usasishaji ukafika asilimia 99 ukasimama. Nikamimina maji kwenye sufuria, nikawasha jiko. Yanaanza kuimba, simu inalia: "Birika halina maji. Tunaomba radhi. Tathmini huduma yetu."

Nikalipa nyota 1. Likauliza sababu. Nami nikaieleza. Nilianza na salamu, nikaingia kwa mfalme, nikapita kwenye ngazi, nilipofika kwenye nguzo ya taa nikasikia harufu. Sufuria kavu, kitako cheusi.

Mpwa naye katuma ujumbe wa sauti wa dakika 4. Dakika ya 1 anatembea. Ya 2 anaongea na mtu mwingine. Ya 3 upepo. Mwishoni kabisa: "Mjomba, nitakupigia."