Habu mpya, kranki laji

Baiskeli yangu ya tairi moja ilianza kulia kwakwakwa kila nikikanyaga, kucheki hivi kranki ya kushoto, ule mkono unaobeba pedeli, inacheza kwenye ekseli kama jino la mtoto wa miaka 6. Kwa wasiomjua, huyu mnyama hana mnyororo wala friwili, kranki zimekamata moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo ukikanyaga, ukifunga breki kwa miguu, ukiruka kutoka kwenye ngazi, mzigo wote unaishia hapo hapo. Na mimi nilishaendesha wiki nzima nati imelegea, tundu la kranki lililozaliwa mraba likawa limeshakuwa duara.

Nikasema nabadilisha habu tu. Hiyo "tu" ndo imenimaliza.

Nikaagiza habu ya aina inayoitwa ISIS, ile ambayo ekseli yake ina meno 10 badala ya ncha ya mraba. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, umepima?" Nikamjibu vitu vya hivi mimi napima kwa macho.

Mzigo ukafika. Kranki za zamani na meno 10 wapi na wapi, haziingii hata kwa dua, nikaagiza kranki nyingine. Nikahesabu matundu ya spoki kwenye habu, 36, kwenye ringi nako 36, nikamwangalia dogo kwa dharau sanaaa. Kumbe masikio ya hii habu, pale spoki zinapoingia, ni mapana kuliko ya ile ya mwanzo, spoki zangu zikawa ndefu, zimechomoza ndani ya ringi kama nungunungu mwenye hasira anasubiri tyubu apite. Spoki mpya.

Tukaja kwenye beringi. Za zamani zilikuwa milimita 40 kwa nje, hizi 42, nikasema milimita 2 jamani si kitu, zitakubali, nikakaza vile vishikizo vya beringi kwenye foki mpaka spana ikalia, nikakaza tena, halafu nikasukuma tairi kwa mbwembwe. Halikuzunguka hata robo. Yaani nilikuwa nimejitengenezea stuli.

"Umepima?"

Nikanunua foki. Kwa hiyo mpaka hapo kilichobaki cha zamani ni siti, ringi, tairi na pedeli, na kiburi changu.

Sasa kwenye kufunga kranki nikakuta moja imeandikwa L na nyingine R. Nikawaza hawa wauzaji vipi, wameniletea moja laji na moja regula! Nikazilaza pamoja, mbona urefu sawa, nikasema labda laji ni unene. Mguu wangu wa kulia ndo wenye nguvu, laji nikaipeleka kulia. Pedeli nazo nikakuta zina L na R, nikafurahi kweli, laji ikaingia kwenye laji vizuri kabisa, nikamwita dogo aone saizi zinavyopatana. Akaangalia, akacheka, hakusema kitu. Hapo ningeshtuka.

Nikapanda. Kimyaaa, hakuna kwakwakwa, laini kama nateleza, nimenyoosha mikono, nusu nifumbe macho. Kama mita 100 hivi nikahisi mguu wa kulia unasafiri kwenda nje kidogo kidogo, kila mzunguko unasogea, nikadhani ni mkao wangu, nikabana mapaja. Ghafla pedeli ikatoka nzima, mguu ukakanyaga hewa, tairi likaenda kwake na mimi kwangu, nikatua kwa makalio mbele ya watu waliokuwa wanasubiri tangu mwanzo nitue hivyo.

Dogo akaja anatembea taratibu, ameshika pedeli, ananionyesha ile L.

"Kaka, hii ni ya kushoto. Thredi zake zimekatwa kinyume, ukiiweka kulia inajifungua yenyewe unavyokanyaga."

"Ulijua?"

"Si ulisema unapima kwa macho."

Thredi za kranki zimelika. Naagiza kranki. Laji.