Sikuikalia, Nilijifuta

Haya, kabla hamjaendelea kunicheka kwa habari nusu. Najua jamaa yangu wa Sinza kashawatangazia kwamba mwenzenu "kaikalia kaktasi". Sikuikalia. Mtu mzima na akili zangu niikalie kaktasi? Kilichotokea ni kibaya zaidi, na haya naandika nikiwa nimesimama.

Ile ya kwanza mnaikumbuka. Niliimwagilia kila asubuhi kama mchicha, tena masika, na chungu chenyewe hakina tundu. Siku moja nimeigusa tu, ikalala kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Safari hii nikajifanya mtaalamu: chungu chenye tundu, mchanga wa mto, vikokoto, na maji mpaka udongo ukauke kabisa. Nikanunua nyingine kwa muuza maua wa barabarani, asili yake Mexico, imekaa kama masikio ya sungura, madoa ya njano yamejipanga. Mwiba mrefu hata mmoja haina. Ukiitazama, mahameli.

Wakuu, yale madoa ndiyo miiba. Kila doa ni rundo la vinyweleo vyembamba kuliko unywele, vina vindoano, vinang'oka ukivigusa tu. (Hili nimelijua baadaye. Mimi kila kitu nakijua baadaye.)

Jumamosi jioni naihamishia chungu chake kipya. Glovu sina. Nikachukua taulo, nikaikumbatia nalo kama mtoto katoka kuogeshwa. Nikamaliza, hata kidole hakijaniuma. Taulo nikalikung'uta, nikalirudisha msumarini nyuma ya mlango.

Mmeshaanza kucheka. Subirini.

Umeme ukakatika. Joto la Januari la Dar mnalijua, shati linakuganda kama lina gundi. Nikavuta taulo gizani, nikaenda bafu la uani na tochi ya simu. Bukta nikailoweka kabisa kwenye ndoo, niifue hapo hapo. Nikaoga, raha tupu.

Nikaanza na mgongo, taulo nimelishika ncha huku na huku, navuta kama nakata mti kwa msumeno. Kwapa. Kwapa la pili. Nikashuka. Nikafuta na kule, taratibu, kwa umakini, maana mama alitulea tukauke vizuri. Nikarudia.

Kikaja kijiwasho. Nikasema ni joto. Kikaongezeka. Nikafanya ambacho hata wewe ungefanya: nikajikuna. Kwa taulo.

Nilipomulika simu, taulo linameta kama limenyunyiziwa dhahabu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila mama mwenye nyumba alitoka na mwiko.

"Mwanangu, ni nyoka?"

"Hapana mama. Ni ua."

Kimya.

"Ua?"

Wapangaji wote wako nje sasa. Mmoja anasema kamwagiwa upupu huyo, na kwa kweli ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote. Mimi ndani nina vitu viwili: bukta iliyo kwenye povu, na taulo. Bukta nikaikamua, ikachanika. Nikabaki nalitazama taulo, lenyewe linanitazama.

Nikalivaa tena.

Hatua kumi na nne mpaka mlangoni kwangu. Nimezihesabu. Natembea kama kifaranga aliyeloa, watu wananipa pole, na kila pole inanichoma upya.

Yaliyofuata hayana maana. Jamaa alikuja na solotepu na kibano, bandika, bandua, saa mbili nzima, kila akibandua anacheka, ndiyo maana hadithi yake ina mapengo. Jumatatu konda akaniambia, "Kaka, siti hiyo hapo," nikamwambia napenda kusimama.

Kaktasi haina neno, iko dirishani, imeanza kutoa sikio jipya.

Sasa kuna jambo moja. Lile taulo nililitupia kwenye kamba ya uani Jumapili, nilichome jioni. Jioni halipo. Kumbe yule anayetuibia nguo kambani bado yupo.

Sijasema kitu. Nimeweka kiti barazani, naangalia nani anatembeaje.